Mkono Mgongoni, Barabara ya Banalia

Usinikatize. Kuna watu hapa Kisangani wakisikia kisa hiki wanacheka, wananiambia, mzee, siku hiyo ulikuwa umekunywa. Mimi ni mtoto wa Wangwana, babu yangu alifika hapa kutoka Maniema na tasbihi mkononi, na pombe sijaionja mpaka leo. Akili zangu zilikuwa timamu na kulikuwa kumekucha. Nisikilize kwanza hadi mwisho, halafu ucheke ukitaka.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru. Sisi vijana tulikuwa na wazimu wa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa kwetu. Si kinga ya kubebea mikungu ya ndizi, hapana, kinga ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Shida yetu ilikuwa moja tu, mji wetu ni bapa. Ukitoka Simi-Simi mpaka Tshopo jasho halikutoki. Na vijana wa Bukavu, waliozaliwa mlimani na kunyonyeshwa mlimani, wakija kushindana nasi walitucheka waziwazi, wakituita kwa jina la Kisangani la enzi zile. "Ninyi watu wa Stan, mulima munaonaka kwenye picha tu." Iliniuma sana. Donc nikaanza kutafuta mlima.

Niliwaendea madereva wa camion, malori ya mizigo, maana barabara wanaijua kwa mikono yao. Sikuwauliza mlima uko wapi. Niliwauliza, "Vitesse ya kwanza munatiaka wapi?" Yaani gia ya kwanza, ile ya kupandia. Wote walinitajia mahali pamoja: barabara ya Banalia, ng'ambo ya daraja la Tshopo, ukishaziacha nyumba za mwisho. Mlima mrefu wa udongo mwekundu, msitu huku na huku, kona moja katikati. Mmoja akaongeza kwamba pale hata injini ikichemka wao hawasimami. Nilidhani anazungumzia breki.

Niliufikia asubuhi mapema, ukungu bado umelala barabarani. Ulinitesa, nikuambie ukweli. Kwenye kona miguu ilikataa, nikawa nayumba upande huu na upande ule. Ndipo mkono ukanigusa mgongoni, chini kidogo ya mabega. Mtu wa kinga hashtuki kwa hilo. Ni desturi yetu, mwenye nguvu akimkuta mwenzake amechoka mlimani anamwekea mkono mgongoni, anamsukuma, wanapanda wote wawili, na asante inangoja mpaka juu. Nikajua ni mmoja wetu. Nikajiachia, na mlima ukalainika.

Halafu nikasikia kitu, au tuseme nilikosa kusikia kitu. Kinga ikipanda inapiga kelele, mnyororo unalia. Wangu ulikuwa unalia. Wake kimya. Nikatupa jicho chini, pembeni. Niliona miguu mirefu, mitupu, inazungusha pedeli taratibu. Gurudumu la nyuma linazunguka. Na katikati, pale mnyororo unapopita, hapakuwa na kitu. Niamini. Kinga isiyo na mnyororo inapanda mlima ambao camion zinaulilia. Uso wake sikuuona, ukungu ulianzia kifuani mwake. Tulipofika juu mkono ukaondoka. Nikageuka kusema asante, barabara ilikuwa tupu.

Pale juu kulikuwa na mama mmoja aliyechoma makemba, zile ndizi kubwa, akiwauzia wapita njia. Alinitazama mgongo kabla hajanitazama uso.

"Amekusukuma," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nani ule, mama?"

"Jina yake hatujue. Kama uko peke yako, bon, si kitu. Lakini usipandishe muzigo na mukono yake, na zaidi sana usipandishe mutu. Unaona watu ya kubeba chumvi na kinga? Anawasukuma, gunia inafika huku imejaa. Tunatia ile chumvi ndani ya pondu, majani ya muhogo, tunatia, tunatia, pondu inabakia vilevile, haina chumvi. Muzito yake yote anaibakishaka kule chini."

Nikacheka. Wewe usingecheka? Nilikuwa kijana, nimepata mlima, na nimepata msukumaji juu yake. Nilirudi pale mara nyingi, siku nyingine mkono ulikuja, siku nyingine haukuja. Mapaja yakawa magumu, na vijana wa Bukavu wakanyamaza.

Kisha ukaja mwaka wa waasi. Waliuchukua mji, na muda si muda wakaanza kuwasaka makarani. Ukionekana na kalamu mfukoni umekwisha. Na Papa yangu, baba mzazi, alikuwa karani wa serikali tangu ujana wake. Mtu mkubwa wa mwili, tumbo linamtangulia mlangoni, goti la kulia bovu. Kutoka nyumbani mpaka msikitini alipumzika njiani. Alinitania kila siku kwamba milima ni ya mbuzi, na kwamba amezaa mbuzi. Nilimpenda sana, niseme wazi. Jioni moja jirani akapita, akanong'ona kwamba jina la Papa limetajwa na kesho watakuja kumchukua. Tonton wangu, mdogo wake Papa, alikuwa na shamba upande wa Banalia. Tukifika kwake, Papa amepona. Tusipofika, amekufa. Lilikuwa jambo rahisi hivyo.

Kinga yangu ya mashindano isingeweza kumbeba. Jirani akatupa yake ya kazi, chuma kizito chenye kiti kipana nyuma. Papa aliswali alfajiri, akavua kofia yake akaitia kifuani, akakaa nyuma yangu. Tairi likalala. "Polepole, mutoto yangu," akasema. "Mimi si gunia ya muhogo." Kwenye daraja la Tshopo vijana wa waasi waliolinda kizuizi walikuwa wamejikunyata kwenye moto wao, na ukungu ulikuwa mzito. Tulipita kwa miguu, Papa akichechemea, nikiisukuma kinga huku nimeishika breki isilie. Hawakutuona, au mimi nilidhani hawakutuona.

Tulikuwa tumefika chini ya mlima niliposikia camion nyuma yetu, bado mbali. Waliokuwa ndani walikuwa wanaimba. Pale chini huwezi kujificha, kushoto na kulia ni potopoto, matope ya kuzama mpaka kiunoni. Msitu wa kuingilika unaanzia kwenye kona. Ilibidi tuifikie kona. Nikasimama juu ya pedeli, nikaweka nguvu zangu zote. Kinga ilisogea kidogo, ikasimama, ikataka kurudi nyuma. Nyimbo zinakaribia. Papa akaniambia kwa sauti ya chini, "Niache hapa. Wewe hawakutafute."

Ndipo mkono ukaja mgongoni.

Nilisema alhamdulillahi kwa mdomo wangu. Tulianza kupanda. Papa nyuma analalamika, anashika mkanda wangu kwa vidole vyake vinene, "Goti yangu, aye, ulisema mulima ni mudogo." Na kinga ikawa nyepesi. Kila mzunguko wa pedeli, nyepesi zaidi. Mwili wangu wote ulifurahi. Mtu wa milima anaota hilo usiku na mchana, mlima unaopungua chini ya miguu yake. Nilifurahi kwa muda mrefu kabla ya kujiuliza kwa nini mtu mnene anakuwa mwepesi.

Manung'uniko yalikuwa yamekwisha. "Papa," nikaita, "uko?"

Jibu lilitoka chini ya mlima. Mbali, kule kwenye potopoto. "Niko huku," likasema. "Mbona unaniacha?"

Nikapeleka mkono mmoja nyuma. Shati lilikuwepo. Tumbo lilikuwepo. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye mkanda wangu. Papa mzima amekaa nyuma yangu, na sauti yake iko kule tulikotoka. Maneno ya yule mama wa makemba yalinirudia yote kwa pamoja, chumvi na gunia. Na papo hapo nikasikia camion inabadilisha sauti. Ilikuwa imetia vitesse ya kwanza. Imeanza mlima.

Sasa niambie wewe unayecheka, ungefanya nini? Ukiukubali mkono, unafika juu na nguo za baba yako. Ukiukataa, unasimama katikati ya barabara na watu wenye mikuki wanakuja.

"Ondoa mukono yako," nikasema. Pembeni yangu ile miguu iliendelea kuzunguka. "Huyu ni Papa yangu. Mwachie. Ondoa mukono." Mkono ulikaa palepale, wala haukunikandamiza, ulikuwa mpole kama wa rafiki. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Basi nikapinda usukani, nikaiangusha kinga kwa nguvu upande wa kona, tukaporomoka wote wawili ndani ya majani.

Papa aliniangukia juu. Mtu wa mwili ule angenivunja mbavu. Nilimwinua kwa mkono mmoja. Nikamkumbatia pale chini, nikamfunika mdomo, ingawa hakuwa anasema kitu. Camion ikapita barabarani, juu kidogo ya tulipolala, inalia, wanaimba, ikaenda zake. Nilimbeba mgongoni kwa njia za msituni mpaka kwa tonton, na njiani sikupumzika hata mara moja, kwa sababu hapakuwa na cha kunichosha. Nililia njia nzima.

Papa alipona, ndiyo. Waasi waliondoka, tukarudi mjini, akaishi miaka mingi. Alikula kama zamani, tumbo likabaki lilelile. Lakini kitanda hakikulia akikilalia. Ukimwita, alikutazama, mdomo ukifunguka na kungoja, na jibu lilikuja likiwa limechelewa, linahema, kama limepanda kwanza. Kunitania aliacha. Wewe hujui kuishi miaka na baba asiyekutania. Na siku ya kumzika, wale waliobeba jeneza waliliweka chini kabla ya kufika makaburini, wakamwomba imamu ruhusa ya kufunua. Walitaka kuona kama kuna mtu ndani. Alikuwemo.

Baada ya mazishi nilikwenda na kinga mpaka chini ya mlima ule, asubuhi, ukungu ukiwepo. Sikupanda. Nilisimama karibu na potopoto nikaita, "Papa." Jibu lilikuja palepale, halikuchelewa hata kidogo.

"Goti inaniuma," akasema. "Wewe mbuzi, ulikuwa wapi?"

Nilimwambia apande nyuma. Nilingoja mpaka jua likaufukuza ukungu, na kwenye kiti hakuna kilichokaa.

Sasa nimezeeka, miguu yangu haifiki tena kule. Kwa hiyo nakuambia wewe mwenye kinga, unayetafuta milima ya kujipima. Ukipita barabara ya Banalia wakati wa ukungu, mlima ukikulainikia ghafla na umebeba mtu, usifurahi. Shuka hapohapo, utembee, uchoke. Na kama pale chini utasikia mzee mnene analalamikia goti lake, usimkimbie, hajamdhuru mtu maisha yake yote. Msalimie tu. Mwambie mtoto wake anaomba samahani kwa kuchelewa.