Jiwe Jeupe la Bi Kidawa

Sisi tuliokulia Sokomuhogo miaka ile baada ya Mapinduzi, chakula kilipokuwa cha foleni, hatuhitaji kuelezwa heshima ya jiwe. Watoto wa leo wakingoja kidogo benki washaanza kupumua kwa nguvu, ati wamechoka. Kwenye kiti! Chini ya feni! Wallahi ningewapata zama zile.

Siku ya mchele, sala ya alfajiri ikisha tu, kila nyumba ilipeleka jiwe lake mbele ya duka la ugawaji. Ukishaliweka unarudi zako kupika chai, nalo linakushikia nafasi. Sisi watoto wa kike tuliachwa kuyalinda, tukicheza mdako pembeni. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. La kwetu lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, na la Bi Kidawa lilikuwa jeupe, lile aliloegeshea mlango wake. Mtu angeweza kukuibia kuku, lakini kusogeza jiwe la mwenzio, ng'o.

Bi Kidawa alikuwa jirani yetu, mpika vitumbua. Homa ya utotoni ilimpooza miguu, akawa anasota kwa mikono, makubadhi kayavaa viganjani. Hakuwa na mume wala mtoto. Vitumbua ndivyo vilivyomlisha. Na vitumbua gani! Si hivi vya sasa vya unga wa pakiti, vigumu hata nage unaweza kuvichezea. Alfajiri ukisikia harufu ya iliki kichochoroni, ujue chuma kishapata moto. Tulivila kwa chai kavu ya mkandaa, mafuta yakituchuruzika mpaka viwikoni, kisha tunakwenda skuli vidole vinang'ara.

Basi akaletwa bwana mpya wa duka. Jina lake silitaji, halistahiki. Sisi watoto tulimwita Bwana Funguo, kwa lile furushi la funguo alilolining'iniza kiunoni, na tumbo likimtangulia. Siku zote Mama ndiye aliyemchukulia Bi Kidawa mchele kwa kadi yake. Bwana Funguo akaikataa kadi.

"Mwenyewe aje, nimuone."

Mama akamweleza hali ya Bi Kidawa. Yeye akarudia vilevile, mwenyewe aje.

Mgao uliofuata, Bi Kidawa akaja. Si mbali kwa mwenye miguu, lakini mvua ilikuwa imenyesha, na yeye alisota kichochoro chote matopeni, kanga imelowa, kikapu kakishika kwa meno. Akakaa nyuma ya jiwe lake, mbele ya Mama. Zamu yake ilipowadia, Bwana Funguo akatazama dirishani juu ya kichwa chake.

"Mwenye jiwe hili yuko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu."

"Foleni watu husimama, bibi. Simama kama wenzio."

"Mawe haya yamekaa tangu alfajiri," akasema Bi Kidawa. "Mbona hukuyaambia yasimame?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo yule bwana alipoghadhibika. Akasema mchele wa umma ni wa watu wanaojenga nchi, si wa viwete, na akamwashiria Mama apite.

"Sipiti," akasema Mama. "Zamu yake."

Bwana Funguo akalifunga dirisha kwa kishindo. Na unadhani watu walimtukana nani? Mwenye funguo? Thubutu! Walimtukana Mama, wakamtukana na Bi Kidawa, ati kiherehere chao kimewakosesha chakula. Watu wale wale waliokuwa wakilamba vidole barazani kwake kila asubuhi! Mama alijitwika lile jiwe jeupe, mimi nikachukua kikapu kitupu, tukarudi kwa mwendo wa Bi Kidawa. Alikuwa akilia. Mikono yote miwili alikuwa akiitembelea, kwa hivyo hakuwa na mkono wa kujifutia machozi mpaka tulipofika kwake.

Asubuhi yake hakukuwa na harufu ya iliki. Watu wakaja na sahani zao, bila ya haya, wakajipanga barazani. Wa mwisho kufika alikuwa binti wa Bwana Funguo, bakuli mkononi.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Baba anataka vitumbua vyake."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie babako sikupika. Mchele anao yeye."

Wenye sahani wakatazama chini. Yule mtoto maskini hakuwa na kosa, nilimwonea huruma.

Haukupita muda, Bi Kidawa akapewa mchele wake, na kadi akawa anaipeleka Mama kama zamani. Watu hunambia, unaona, haki haipotei. Haki gani! Lilikuwa tumbo lile lile, lilikosa kitumbua.

Mimi sasa sukari ishanichukua mguu. Juzi nimekwenda kuomba posho ya watu wenye ulemavu. Ofisi yenyewe iko ghorofani, ngazi tupu. Kijana wa mlangoni, macho kwenye simu, akanambia, "Bibi, lazima upande mwenyewe, wakuone."

Wanione! Na mimi nikidhani Bwana Funguo alishakufa.

Nikamwomba aniokotee jiwe pale nje. Akaniletea huku anacheka, kashaamua kuwa bibi huyu akili zimemruka.

"La nini, bibi?"

"Lipandishe wewe, likanishikie nafasi."

Akaliweka hapo hapo mwanzo wa ngazi, akarudi kwenye simu yake. Watu wakawa wanakuja. Wana adabu kweli watoto wa siku hizi, kila mmoja alinipa shikamoo, akaliruka jiwe langu, akapanda. Sijidanganyi, hata zama zetu roho mbaya zilikuwapo tele. Lakini nyuma ya Bi Kidawa alikuwapo Mama. Mimi nilikaa pale mpaka ofisi ikafungwa, nikingoja japo mmoja aseme, "Sipiti."