Chunusi Walizoziita Ukoma

Mwaka nilioposwa ndio mwaka uso wangu ulipoharibika. Nilikuwa na miaka kumi na saba au karibu na hapo, maana sisi watoto wa kijiji cha Munje wa miaka ile ya hamsini umri wetu ulijulikana kwa mavuno ya mpunga na kwa nani alimtangulia nani kuzaliwa. Aliyeniposa alikuwa kijana wa Jego. Nilimjua tangu udogoni, kwa sababu aliletwa kwetu akae kwa mjomba wake ili asome chuo cha Kurani. Miaka minne tulisoma pamoja, wasichana mkeka huu na wavulana mkeka ule. Alikuwa akikosea makusudi ili mwalimu amrudishe nyuma, na kila aliporudia aya alinitazama mimi. Alipokuwa mkubwa akarudi kwao. Kisha wazee wake wakaja na posa. Baba aliponiuliza nilinyamaza kama ilivyompasa mwari kunyamaza, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuitikia zamani.

Chunusi zilianza kidevuni, miezi miwili baada ya posa. Hazikuwa vile vipele vidogo ambavyo kila msichana huvipata na kuviminya mbele ya kioo. Zilikuwa vinundu vigumu, vimekaa chini ya ngozi kama punje za mahindi, na viliuma hata leso ilipovigusa. Vilishuka kwenye taya mpaka shingoni. Vilizidi siku chache kabla ya hedhi yangu, vikapoa kidogo, na kabla havijaisha vikaja vingine. Mama alinipaka manjano, akanipaka liwa, akanifukiza majani. Uso ukawaka tu.

Sasa, hospitali yetu ilikuwa Msambweni, na Msambweni palikuwa na makao ya wagonjwa wa ukoma. Sisi tulikua tukiambiwa tusipite karibu. Kwa hiyo siku jirani mmoja aliponikazia macho kisimani na kumwambia mama, “Mwenzangu, vinundu vya uso si vya kuchezea,” hakuhitaji kulitaja lile neno. Mama aliteka maji yake akanishika mkono tukaondoka bila kuaga. Hazikupita siku kumi na tano, maneno yakawa yamefika Jego.

Mama mkwe alikuja mwenyewe, na dada yake. Niliwatandikia mkeka, nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Nikaleta chai. Mama mkwe akafunika kikombe kwa kiganja.

“Usinimiminie, mwanangu. Nimefunga.”

Ilikuwa Jumamosi. Hakuna mtu ninayemjua aliyefunga sunna siku ya Jumamosi. Nikakiondoa kikombe, nikaenda uani, nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti nisikie.

“Dada yangu, mimi sina neno na mtoto,” alimwambia mama. “Lakini nyumba yetu ina watoto wadogo.”

“Una maana gani?”

“Maana yake unaijua. Tungojee kwanza. Tumwombe Mungu.”

Nilisikia mkeka ukikunjwa, nikasikia kwaheri, kisha nikamsikia mama akilia kama mtu anayekohoa.

Asubuhi yake alinivisha buibui, akanifunika uso wote, tukatembea mpaka hospitali. Aliyetupokea alikuwa nesi, mwanamke wa Mombasa, mnene, mwenye miwani na sauti ya kuamrisha. Alinifunga macho kwa kitambaa.

“Nitakugusa. Niambie, pamba au sindano.”

Akanigusa kidevuni, shavuni, juu ya vile vinundu vyenyewe, kisha mikononi na miguuni. Pamba. Sindano. Pamba. Sindano. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayepiga kelele aokolewe. Aliponifungua macho nilimwona mama ameing'ata ncha ya leso.

“Huyu hana ukoma,” nesi akasema. “Mwenye ukoma ngozi yake haihisi sindano. Hizi ni chunusi za kukua. Ndizo zinazokwenda na hedhi. Haya, niambie, anakula nini?”

Mama akanyanyuka kidogo, akaanza kueleza kwa fahari. Baba alikata miwa mashambani Ramisi, na kila wiki alileta sukari guru. Tangu nilipoposwa mama alikuwa akinilisha ninawiri, nisiende kwa watu nikiwa nimekonda. Chai ya maziwa asubuhi, imekolezwa sukari guru. Maandazi. Vitumbua. Jioni maziwa tena, na tende, na ndizi za kukaanga.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. “Punguza mapenzi, mama,” akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. “Sisemi chakula ndicho kilicholeta. Wako wanaokula hayo hayo na nyuso zao safi. Lakini kuna miili ambayo utamu na maziwa huichochea. Mwondolee sukari. Mwondolee vya kukaanga. Maziwa yapumzike. Mpe uji wa mtama mtupu, kunde, mchicha, samaki wa kuchoma, mapapai, maji mengi. Asiviminye. Usitazame wiki moja, tazama miezi mitatu au minne.”

“Mimi ndiye niliyemharibu,” mama akasema.

“Hukumharibu. Ulimlisha.”

Mama akaomba karatasi. Nesi akaandika mistari mitatu, kwamba amenipima na kwamba sina ukoma, akatia sahihi. Siku ya tatu mama akapanda basi peke yake kwenda Jego, barua ameifunga kwenye pembe ya leso.

Alirudi magharibi. Sijui kwa nini hakunificha. Labda aliona kwamba kunificha kungekuwa kunidanganya. Aliniambia kwamba mama mkwe hakujua kusoma, akamwita mwanawe. Yeye akaja, akamwamkia mama yangu kwa adabu, akaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, bila kukosea. Mama yake akasema, “Karatasi haizuii watu kusema.” Yeye akaikunja barua, akamrudishia mama kwa mikono miwili, akasema, “Asante, mama.” Kisha akatoka nje.

“Hakusema lingine?” niliuliza.

“Hakusema.”

“Labda alitaka kusema, ila mama yake alikuwapo.”

“Labda, mwanangu.”

Tukaanza kula kama tulivyoambiwa. Nasema tukaanza, kwa sababu mama alikataa kula nisichokula mimi. Uji wa mtama usio na sukari ulinishinda siku za mwanzo, nikautema. Mama aliunywa wake wote mbele yangu, akafuta midomo, akaniambia, “Unaona? Unapita.” Baba ndiye aliyeniumiza zaidi. Ijumaa ya kwanza alikuja na sukari guru yake imefungwa kwenye jani la mgomba kama kawaida, mama akamweleza. Akasimama mlangoni, kifurushi mkononi, hajui akiweke wapi. Mwisho akampelekea jirani, yule yule wa kisimani. Hakuileta tena. Mtu aliyeshinda juani siku nzima akawa anakunywa chai ya tangawizi isiyo na kitu, wala sikumsikia akinung'unika.

Mchunga, ile mboga ya porini, ulikuwa mchungu, lakini nikauzoea. Kunde zikawa nyingi, kwa nazi kidogo, kwa ndimu. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti, nikasema nesi ametudanganya. Mwezi wa pili kabla ya hedhi vilitoka vinundu vitatu badala ya kumi. Nilivihesabu kwa vidole, gizani, nikiogopa kufurahi. Mwezi wa nne taya yangu ilikuwa laini. Yalibaki madoa meusi, na kinundu kimoja au viwili vilivyokuja vikaondoka kila mwezi. Mpaka leo sijui ni chakula kilichonisaidia, au ni umri, au vyote viwili. Najua tu kwamba nilipojisahau nikala maandazi arusini siku tatu mfululizo, vilirudi.

Siku moja ya mwezi ule wa nne tulikuwa shambani tukichuma majani ya kunde, mama na mimi. Nilikuwa nimefunua uso, upepo unanipiga, nami nilikuwa nikimweleza kwamba sasa tunaweza kwenda Jego pamoja, wanione wenyewe. Mama aliendelea kuchuma. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

“Amekwisha kuoa. Ijumaa iliyopita.”

“Nani?”

“Binti wa Vanga.”

Sikuwa nimeuliza kuhusu bibi arusi. Nilikuwa nimeuliza nani ameoa, kama kwamba angeweza kuwa mwingine. Nikachuma majani. Nilichuma hata yaliyoliwa na wadudu, mpaka kikapu kikafurika na mama akanishika vidole akavizuia.

Niliolewa baadaye, Diani, na mtu mwema ambaye sina la kumlaumu, na tukajaliwa watoto. Lakini kabla ya hapo nilimwona yule wa Jego mara moja, mwaka uliofuata. Nilikuwa nimempelekea nesi mayai, shukrani yetu, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za hospitali. Mkewe alikuwa ndani, anajifungua. Alisimama aliponiona. Alinitazama uso wote, polepole, kama alivyokuwa akinitazama chuoni.

“Umepona,” akasema.

“Sikuwa mgonjwa.”

“Najua. Niliisoma barua.”

“Basi kwa nini hukusema kitu?”

Akatazama chini. “Mama alikuwa ameketi pale.”

Nilingoja aongeze neno. Ndani mwanamke akapiga ukelele, naye akageuka kuelekea mlangoni, na huo ulikuwa wajibu wake. Nikamwombea mkewe salama, nikaondoka. Njia nzima sikulia. Nilipofika nyumbani mama alikuwa akipepeta mtama. Akaniuliza nimekutana na nani huko Msambweni.

“Sikukutana na mtu,” nikamwambia, nikaketi kando yake kuchagua mawe.