Tangi la Pili

Wafanyakazi wa kituo kile cha mafuta walikuwa sita, lakini aliyeaminika alikuwa mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi wa kujibu, na wateja walimwita Mama Rula. Kila asubuhi, kabla pampu hazijawashwa, alifungua kifuniko cha tangi lililo chini ya ardhi, akateremsha fimbo ndefu ya chuma yenye namba, akaivuta, akasoma unyevu umeishia wapi. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja. Mameneja wanne wamekuja na kuondoka, yeye na fimbo yake wapo. Akisema hamna mafuta, watu hugeuza pikipiki zao bila ubishi.

Bei ilikuwa imepanda mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila mara ni yeye aliyepanda ngazi kubadilisha tarakimu kwenye bango la barabarani. Walimtukana wee, utadhani visima ni vya baba yake. Redioni mtaalamu mmoja alikuwa akieleza kwa sauti ya upole kwamba mafuta ya dunia yanapungua, visima vimechoka, tuvumilie. Mama Rula alimwamini, na nyumbani akayarudia maneno hayo kama yalivyo.

Jumatatu tangi la kwanza likakauka. Alipima mara mbili, fimbo ikatoka kavu. Tangi la pili lilikuwa na kufuli tangu mvua zilizopita. Meneja alisema limeingia maji, mafuta yameharibika, kampuni itatuma watu kuja kuyanyonya. Basi, ikawa hivyo. Nani ataanza kumhoji meneja kwa habari ya maji?

Sasa kulikuwa na mume wake. Huyu analima nyanya bondeni, humwagilia kwa pampu ndogo ya petroli inayovuta maji mtoni. Jumapili, yaani siku moja tu kabla ya uhaba, alikuwa ametoa miche yote kitaluni na kuipanda shambani, mistari arobaini. Mche uliotoka kitaluni unataka maji kila siku wiki ya kwanza, la sivyo umekwenda. Kwa ndoo, yeye na watoto, waliweza kumwagilia mistari miwili kabla migongo haijakataa. Hawakuwa na shamba lingine wala mbegu nyingine, na jua la wiki ile halikuwa na huruma hata chembe.

Jumatatu mchana akaja kituoni na kidumu chake.

"Mama watoto, hata lita tano?"

"Hamna, baba. Nimepima mwenyewe. Matangi yote hayana kitu."

Hapo ndipo alipoteleza. Alikuwa amepima moja. Lakini mtu akishazoea kuaminiwa hufika mahali akaona alichoambiwa na alichokiona ni kitu kimoja. Jumanne mume akaja tena, akajibiwa vilevile. Jumatano vilevile. Kila alipokuja aliketi juu ya kidumu kwenye foleni saa kadhaa, pengine lori la mafuta lingetokea, kisha akarudi kwenye ndoo zake.

Alhamisi asubuhi dereva mmoja wa teksi, mtu wa maneno mengi, akamchokoza.

"Mama Rula, na hilo lenye kufuli?"

"Hilo ni maji matupu."

"Umeyaona?"

Swali lilimchoma. Yeye, wa kuulizwa hivyo na mtu asiyejua hata kifuniko kinafungukia upande gani! Akasema moyoni, huyu leo nitamkomesha. Akachukua ufunguo kwenye droo ya ofisi, akapaka fimbo ile dawa ya kupimia maji, ambayo ni ya rangi ya dhahabu na ikigusa maji hugeuka nyekundu. Alitaka kumletea yule dereva wekundu wake puani. Akafungua kufuli, akateremsha fimbo mpaka chini, akahesabu kimoyomoyo, akavuta.

Ilitoka imelowa karibu mpaka juu. Dawa ilikuwa ya dhahabu vilevile.

Akainusa. Akaifuta, akapaka tena, akateremsha tena. Dhahabu. Akachutama palepale sakafuni. Petroli safi, tangi zima, na mume wake amekaa juu ya kidumu siku ya nne.

Ofisini meneja alikuwa na redio mezani. Taarifa ya habari ilikuwa inataja faida ya kampuni, kampuni ileile ambayo nembo yake imeshonwa kwenye mfuko wa shati la Mama Rula: faida kubwa kuliko mwaka wowote tangu ianzishwe. Meneja alipoiona fimbo mkononi mwake akapunguza sauti ya redio.

"Nani amekutuma?"

"Bosi, lile tangi limejaa."

"Najua limejaa. Bei mpya inaanza kesho. Ni amri ya juu, mama, na si kituo hiki peke yake." Akainama, akatoa chini ya meza kidumu cha lita ishirini kilichojaa. "Hiki mpe mzee wako, apite mlango wa nyuma. Halafu tunyamaze."

Alikitazama kile kidumu. Na alikitaka, tusidanganyane. Lakini kulikuwa na watu nje ambao siku tatu walikwenda zao kwa neno lake, na hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Akatoka na fimbo imelowa, akaenda moja kwa moja kwa yule dereva.

"Nilikudanganya. Si maji. Nusa."

Dereva alinusa, na neno likatembea. Dakika tano hazikupita, ofisi ilikuwa imezingirwa. Meneja, jasho linamtoka, akawasha pampu. Lakini kwanza alipanda ngazi mwenyewe na tai yake, akabadilisha tarakimu bango zima. Watu waliguna, wakanunua. Wangefanyaje?

Mama Rula alivua shati lenye nembo, akaliacha juu ya pampu, akaondoka na mume wake pamoja na lita tano za bei mpya. Njiani alimweleza yote. 

Bondeni pampu iliunguruma, maji yakaingia mistarini. Mume akatembea mstari baada ya mstari, akiinama, akigusa. Shina alilolishika lilikatika vidoleni. Akajaribu lingine, nalo likakatika.

Ng'ambo ya uzio shamba la jirani lilikuwa la kijani.

"Huyu alipata wapi mafuta?" mke akauliza.

"Mji wa pili. Jumanne walikwenda wakulima watano, kuna mtu huko anauza kwa kificho. Walinipitia." Alikuwa anaongea polepole, macho chini. "Nikawaambia waende tu. Mafuta yakifika, mke wangu ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua."

 Mume akaenda kuizima pampu. Kwenye kidumu zilikuwa zimebaki lita tatu, na zaidi ya ile mistari miwili ya ndoo hapakuwa na cha kumwagilia.