Majina Yalihama, Saa Zikabaki

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Potosí, mji wa migodi nchini Bolivia, inauma. Benita Colque ameinamia kompyuta katika ofisi ya ushirika wa wachimbaji, rula mkononi. Anaiweka kwenye kioo, chini ya mstari mmoja wa jedwali, na kusoma kwa sauti. Anaisogeza, anasoma mwingine. Akifika mwisho anaanza upya.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi. "Naogopa, mwenzio."

Jedwali hilo hubandikwa kila siku kwenye mlango wa mgodi: kikosi gani kiko handaki gani, na baruti yake inalipuka saa ngapi. Walipuaji huambiwa saa zao kwa mdomo na msimamizi, don Hilarión. Wengine wote husoma karatasi ya Benita ili wajue watoke lini. Kwa kazi hiyo analipwa boliviano elfu mbili na mia tano kwa mwezi.

Ijumaa iliyopita aliamua kupanga vikosi kwa alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akabofya. Majina yakahama, saa zikabaki palepale. Jedwali lenyewe lilipendeza kweli, mistari imenyooka, vichwa vimekolezwa. Likabandikwa.

"Nilikuwa nakunywa uji wangu wa mahindi, nikatupia jicho kwenye kioo. Jamani! Kikosi kinachochimba jirani na kaka yangu Porfirio kinalipua saa tatu, mimi nimeandika saa saba. Na yeye yuko upande wa pili wa ukuta tu! Kikombe kilinidondoka."

Simu haishiki ndani ya mlima. Alipanda mbio, sketi ameikunja mkononi, akiomba kila mtakatifu anayemjua.

Alimkuta Porfirio na wenzake karibu na mlango, wameketi mbele ya sanamu ya Tío, pepo ambaye wachimbaji huamini ndiye mwenye mgodi. Ijumaa hawaingii ndani kabla ya kutafuna naye majani ya koka na kumwashia sigara. Benita huwa anawasema sana kwa kuchelewa huko.

"Dada, na wewe umefuata majani?" Porfirio alimtania. "Si unatuita wavivu?"

Benita alimzaba kofi, kisha akamkumbatia huku analia. Alikuwa bado hajapata pumzi ya kueleza, mlima ukatikisika: baruti ya saa tatu. Vumbi likawamwagikia.

"Don Hilarión aliniambia, 'Tulia binti, hakuna aliyeumia, kesho utaandika tena.' Kesho! Tangu siku ile nikifumba macho naona safu ile ikihama."

Hajaacha kazi, kwani hakuna mwingine wa kuifanya, na Porfirio bado anaingia chini. Lakini anaweka akiba anunue kompyuta yake, awaandalie maharusi majedwali ya wasimamizi wa harusi, ambao huko hugawana gharama: nani analeta keki, nani analeta bendi.

"Huko nikikosea," anasema akirudisha rula mstari wa kwanza, "zitakuja keki mbili. Basi. Watu watakula."