Bastola ya Akida

Miaka ile ya Mjerumani, akida wetu pale Mofu alitulimisha pamba kwa bastola. Akiichomoa tu kiunoni, sisi watu wazima tuliinama tukalima. Siku moja ikashika kutu, akaniletea mimi, mhunzi niliyezoea kutengeneza bunduki za wawindaji wa tembo.

Yeye alikaa nje akinywa togwa, mimi ndani nikaifungua. Mdomo wa mtutu ulikuwa umelika hadi unang'aa, kwa kuingia na kutoka kwenye mfuko wake wa ngozi. Nikageuza fremu, kile chuma kinachoshika silinda yenye matundu ya risasi. Bastola iliyopigwa sana huungua pale juu, silinda inapokutana na mtutu, maana kwa kila risasi inayotoka, moto hutafuna chuma. Hapo palikuwa laini kabisa! Nikang'ata ulimi nisicheke. Kumbe! Tumevunjwa migongo na chuma ambacho hakijalia hata mara moja!

Niliipaka mafuta, nikamrudishia kwa mikono miwili kwa adabu zote. Alipoondoka, nikakimbia, na umri wangu ule, nyumba hadi nyumba, nikiwaambia nilichokiona.

Kesho yake akida aliichomoa bastola yake inayong'aa mbele ya shamba tupu.