Rangi Isiyong'aa

Cha kwanza kumvutia mtu kwa fundi huyu wa baiskeli kilikuwa kidole gumba chake, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kwa kidole hicho alipapasa chuma alichokipiga msasa, ajue kama kiko tayari kwa rangi. Lakini miaka ya msasa ilikuwa imekitia ganzi. Siku hizi kila chuma alikiona laini.

Baiskeli aliyomuundia bintiye kwa mashindano yake ya kwanza aliipaka rangi ya kung'aa, kama binti alivyoomba. Ilipokauka, mwanga ukaanika mabonde madogo kila mahali kwenye chuma, ambayo kidole chake hakikuyahisi. Akaikwangua, akaanza upya. Mabonde yakarudi.

"Paka isiyong'aa, baba watoto," mkewe alisema. "Hata mimi na makunyanzi yangu nakwepa taa."

"Ataniuliza kwa nini."

"Mwambie."

Fundi akaipaka rangi isiyong'aa, akijua kwamba ufundi ndio huo unamtoka mikononi, na kwamba hataunda baiskeli nyingine tena.

Binti angefika kesho asubuhi. Pamoja na uchungu wote, baba yake alitamani kupambazuke upesi, amwone akiipanda.