Cherehani Nyuma ya Kamba

Juzi nilipita Kanengo, hapa Lilongwe, kununua pumba za kuku, nikaliona lile jengo. Sasa ni ghala la mahindi. Malori yanapakia magunia mlangoni, na hakuna anayekumbuka kwamba humo ndani palikuwa na ukumbi wa maonyesho ya mitambo ya zamani. Nilisonya kwa sauti. Binti yangu akaniuliza nani kaniudhi, nikamwambia twende zetu. Lakini wewe, ndugu yangu, nitakusimulia, maana nimechoka kukasirika peke yangu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Tulipokimbia vita kutoka kwetu Rumonge, miguu ya chuma ya cherehani ilibaki, lakini kichwa chake mama alikifunga kwa kitenge akakibeba mgongoni kama mtoto. Mtoto mwenyewe, yaani mimi, nilitembea. Sikulalamika, nilijua kinachotulisha. Asubuhi zetu za nyumbani zilianza na sauti ya ile mashine, na harufu ya mafuta yake ikichanganyika na ya ndagala, dagaa wa kwetu, alizokaanga bibi. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya baba yalishaanza kuchoka, na kila Jumamosi kufagia vumbi la vitambaa kwa unyoya wa kuku. Baba alikuwa na msemo wake: "Mashine ni kama ng'ombe. Usipoipatia, nayo haitakupatia."

Njiani, kwenye kizuizi kimoja, mtu mwenye bunduki aliifungua mashine yetu akitafuta sijui nini. Akatupa porini kile kikombe kidogo cha chuma kinachobeba uzi wa chini, kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Bila hicho, cherehani ni jiwe. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiwe letu. Baba aliliweka juu ya sanduku, akaendelea kulitia mafuta kila Jumamosi, na siku nyingine akaenda kulima mashamba ya watu. Vidole vya kupima kola za mashati vikaota sugu za jembe. Alikitafuta kikombe kile mjini, mtaa wa Area 25, akakitafuta kwa mafundi wa Chinsapo, kote akaambiwa mashine ya aina yake imepitwa na wakati.

Ndipo akaja mama mmoja wa kanisa, mwenyeji wa Lilongwe aliyewahi kuishi Tanzania, na orodha mkononi. Alisema familia za mafundi zitapelekwa mjini kwa lori kutazama mitambo. Sasa elewa jambo hili. Kambini, ukiitwa kwa orodha na kupandishwa lori, unakwenda kupewa kitu. Hatukuwahi kuitwa kwa jambo jingine. Blanketi tuliitiwa hivyo, sufuria hivyo, sabuni hivyo. Kwa hiyo bibi alichomoa kadi ya posho chini ya mkeka, akaifunga kwenye leso, akakunja na gunia tupu. Mama akanong'ona, "Pengine batatupatia mashine." Baba alinyoa ndevu, na njia nzima alikuwa akikunja na kukunjua vidole.

Ukumbini palikuwa na lori kuukuu lenye magurudumu ya mbao, trekta la mvuke, baiskeli, simu za kuzungusha mkono. Vyote vimepangwa kwa mistari, kila kimoja na karatasi yake, na mbele yake kamba. Bibi alipoiona kamba, kama ile ya mgao wa kambini, alijua la kufanya. Akasimama, akatoa kadi. Wanawake wengine wakajipanga nyuma yake, nasi watoto tukashika sketi za mama zetu. Kabla ya dakika kupita, familia zote za mafundi wa Dzaleka zilikuwa kwenye foleni mbele ya trekta la mvuke, kadi mkononi, kimya, zikimngoja karani.

Wageni wa mjini waliokuwa wakitembea mle na viatu vyao vya kung'aa walicheka. Yule mama wa kanisa alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaita mtu wa kamera. Mpaka leo nikisikia mtu anacheka namna ile, ninainuka na kuondoka. Ni nani aliyetufundisha kupanga foleni mbele ya kamba? Tulizaliwa nayo?

Baba alikuwa ameshaondoka kwenye foleni. Alikuwa ameiona. Cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, ndugu pacha wa ile yetu, na kikombe chake kimo ndani. Alivuka kamba, akajaribu kuzungusha gurudumu, likagoma kwa kutu. Nilimwona baba yangu akikasirika kwa niaba ya mashine. Alitoa kichupa chake cha mafuta mfukoni, akadondoshea hapa na pale, akangoja, akazungusha tena. Likazunguka.

"Madame," akamwambia mama wa kanisa, "mi siombe mashine. Mi naomba tu kale kakombe. Nitabatengenezea hizi zote, bure."

"Hii ni historia, baba," akajibu. "Haiguswi."

"Iyi iko inalala. Ya kwangu ililisha bantu sita."

Mlinzi alimshika baba mkono wa shati, akamvuta hadi nje mbele ya watoto wake. Baba alikuwa bado ameshika kizibo cha kile kichupa.

Wakati wa kupanda lori tuligawiwa biskuti. Bibi alirudisha zake. Badala ya biskuti alimnyooshea yule mama kadi ya posho, ile ambayo makarani huitoboa tundu kila unapopokea kitu, akasema polepole, bila kupandisha sauti, "Toboa apa, mama. Leo balitugawia kuangalia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama wa kanisa aliitazama kadi, akatazama viatu vyake, akasema kwa lugha yake zikomo, agogo, yaani asante, bibi, kisha akaenda kuketi mbele kwa dereva.

Baba hakushona tena. Alizikwa na sugu zake za jembe. Na juzi mlinzi wa ghala aliniambia kwamba ukumbi ulipofungwa, vile vitu vyote viliuzwa kwa watu wa chuma chakavu, vikapakiwa kwa koleo. Historia isiyoguswa ilipakiwa kwa koleo, na kikombe cha baba ndani yake.

Bibi naye ameondoka, lakini kadi yake ninayo. Nilipofika nyumbani niliitoa sandukuni nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tundu la mahindi lipo, la maharage lipo, la mafuta, la sabuni. La siku ile halipo.